Si Baridi Iliyoua Kuku Wako

Juni ikiingia, kazi ya kwanza ya mfugaji katika parseli nyingi za Kikula, hapa Likasi, ni kuziba. Gunia tupu la makala linapigiliwa kwenye kidirisha, plastiki inazungushwa kibanda kizima, nguo kuukuu inasokomezwa kwenye mwanya wa mlango. Mwezi wa saba kuku wanaanza kukoroma, macho yanatoa povu, mayai yanapungua. Mwezi wa nane mwenye kuku anahesabu mizoga na kusema baridi ya mwaka huu ilikuwa kali. Mwaka unaofuata anaziba zaidi.

Nina ugomvi na magunia hayo, na zaidi na maneno yanayoyapeleka dirishani. Maneno yenyewe si ya kipumbavu. Mengi yana nusu ya ukweli, na ndiyo maana yamedumu. Siku hizi yamepata mwenzao mpya, kibanda cha tayari: ama kile cha mbao na bati ambacho seremala amekimaliza kabla hujafika kukinunua, ama kile kinachotoka ng'ambo kikiwa vipande ndani ya katoni, na juu ya katoni picha ya kuku wekundu walionona. Mtu akishalipa pesa nzima kwa kitu kilichokamilika, mkono wake unakuwa mzito kukitia msumeno. Hebu tuyachukue madai moja moja.

«Baridi ya huku inaua kuku.»

Likasi iko juu, kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kipimajoto kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa mtu aliyejifunika shuka moja, hiyo ni baridi ya kweli. Kwa kuku aliyekwisha kuota manyoya yote, hapana. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na manyoya laini ya ndani yanashika tabaka la hewa isiyotembea. Jioni anapanda ufito, anachuchumaa mpaka tumbo linafunika miguu, anaingiza kichwa chini ya bawa, basi. Huko Canada wako kuku wanaolala katika vibanda visivyo na moto huku maji yameganda nje. Mwaka 1924 daktari mmoja Mmarekani, Prince T. Woods, alitoa kitabu kizima cha kutetea vibanda vyenye upande mmoja wazi, na aliwaandikia watu wa nchi ya theluji, si watu wa Katanga.

Sasa tutazame kinachotokea ndani ya kibanda kilichozibwa. Kuku mmoja wa mayai hutoa kinyesi kibichi cha zaidi ya gramu 100 kwa siku, na robo tatu yake ni maji. Kuku kumi ni kilo moja na ziada kila siku, na sehemu kubwa inaanguka usiku, palepale chini ya fito. Ongeza unyevu wa pumzi zao. Maji hayo yote lazima yaende mahali. Kama hayana njia ya kutoka, yanapanda kama mvuke, yanagusa bati ambalo saa kumi ya usiku limekuwa baridi kuliko kitu kingine chochote kibandani, yanageuka matone, yanawadondokea kuku mgongoni. Manyoya yaliyolowa hayashiki tena ile hewa ya ndani. Kwa hiyo kuku wa kibanda kilichozibwa anahisi baridi zaidi kuliko kuku wa kibanda chenye tundu, hata kama kipimajoto ndani kinaonyesha nyuzi mbili za ziada. Mfugaji anaona kuku anatetemeka, anaongeza gunia.

Matandazo nayo yanalowa. Vijidudu vilivyomo vinavunja mkojo mweupe wa kuku na kuutoa kama amonia, ile harufu inayochoma pua. Ndani ya bomba la hewa la kuku kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia vumbi na vijidudu kuvirudisha juu. Amonia inavilaza. Vikishalala, ugonjwa mdogo ambao kuku mzima angeupiga chafya ukaisha unashuka mpaka kwenye mapafu na mifuko ya hewa. Hapo ndipo unaposikia mkoromo. Wafugaji hushauriwa amonia isizidi sehemu 25 katika milioni. Wewe huna kipimo hicho, una pua, na pua ina kasoro moja: inazoea. Mama anayeingia kibandani kila asubuhi huacha kusikia harufu ambayo mgeni anaisikia akiwa bado langoni.

Nusu ya ukweli katika dai hili ni upepo. Upepo unaompiga kuku aliyelala hufumua manyoya na kuipeperusha ile hewa ya ndani, na kuku wa namna hiyo hudhoofika kweli. Hewa tunaitaka, upepo wa mgongoni hatuutaki. Wengi huona mambo hayo mawili hayawezi kukaa kibanda kimoja, kwa hiyo wanachagua moja. Yanakaa, mradi kila moja lipewe kimo chake: hewa ipite juu ya vichwa, na kuta ziwe nzima kuanzia hapo kwenda chini. Angalia nyumba za matofali za zamani mjini. Juu ya dirisha, karibu na dari, kuna tundu la hewa. Wewe mwenyewe umelala chini yake miaka yote bila kufa.

«Kibanda cha tayari kimepimwa na wataalamu, ukikikata unakiharibu.»

Nianze na idadi. Kibanda kinauzwa kama cha kuku kumi. Kipime. Cha kawaida kina urefu wa mita 1.5, upana wa sentimita 70, na kuta zenye kimo cha mita moja. Sakafu yake ni mita ya mraba moja na kidogo tu. Hapo hulala kuku wanne, watano ukibana, nao wawe wanashinda nje mchana. Aliyeandika kumi alihesabu pesa.

La pili linanichekesha kila nikilifikiria. Maelekezo ya kufuga kuku yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya hushauri upande wa wazi uelekee kusini. Huko ni sawa, maana jua lao liko kusini. Likasi iko nyuzi 11 kusini ya ikweta. Mwezi wa sita, saa sita mchana, jua letu linaegemea kaskazini, karibu nyuzi 35 kutoka utosini. Wakati huohuo upepo wa kiangazi unavuma kutoka kusini-mashariki. Anayetii maelekezo hayo anawageuzia kuku uso wa upepo na kuwanyima jua la asubuhi, kisha anashangaa kwa nini inambidi azibe. Geuza kibanda. Mgongo wa paa uende mashariki na magharibi, upande wa wazi utazame kaskazini, na ukuta mzima uwe kusini. Kazi hiyo haihitaji hata msumari mmoja, ni watu wawili wa kubeba tu, na pengine ndiyo inayofaa kuliko zote zinazofuata.

La tatu ni matundu. Kanuni ya zamani ya nchi za baridi inataka tundu la hewa lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Kwa kibanda chetu ni kama sentimita za mraba 1,050. Vidirisha viwili vya sentimita 15 kwa 15 vinatoa 450. Kimoja kina gunia.

Basi shika msumeno. Katika kuta zote mbili ndefu, chini kidogo ya paa, kata ukanda wenye kimo cha sentimita 10, ukiacha sentimita 5 kila pembeni. Umepata karibu 2,800, na hata ukitoa nafasi inayoliwa na wavu umeipita kanuni mara mbili. Lakini ukuta ule ulikuwa umebeba paa. Kabla ya kukata, simamisha kwa ndani vipande vya mbao vya sentimita 5 kwa 5 katika pembe nne na katikati ya kila ukuta mrefu, uvipigilie kwenye sakafu na kwenye kenchi, ili paa lisimame juu ya miguu hiyo na si juu ya ubao mwembamba uliotoka kwenye katoni. Vibanda vya ng'ambo vina mbao laini zinazopasuka msumari ukiingia kwa nguvu, kwa hiyo toboa kwanza. Cha bati kinahitaji mkasi wa bati, na makali yanayobaki uyakunje ndani, maana kuku hurukaruka akishtuka na bati litamchana.

Ukanda wa kaskazini uachwe wazi, wavu tu. Wa kusini utundikie nje ubao wenye upana wa sentimita 20, ufungwe kwa bawaba upande wa juu na usukumwe mbele kidogo kwa kijiti, ili hewa iingie kwa kutokea chini ya ubao na kuelekezwa darini. Usiku wa upepo mkali unapunguza kijiti, hufungi kabisa. Paa nalo lizidi ukuta kwa sentimita 30 hivi, kwa kuwa mvua za radi za Desemba hazichagui upande. Kama paa ulilonunua ni fupi, ongeza kipande cha bati, hakuna atakayekucheka.

Halafu kitu ambacho karibu kila mtu husahau: shusha fito za kulalia. Katika vibanda vingi vya tayari fito ziko juu, karibu na dirisha, kwa sababu kuku wanapenda juu. Ukikata ukanda bila kushusha fito umewaweka vichwa vyao kwenye upepo uleule uliokuwa unaukimbia. Ziweke sentimita 30 kutoka sakafuni. Kuku aliyechuchumaa hazidi sana sentimita 25, kwa hiyo kichwa kinafika 55 au 60, nao ukanda unaanzia karibu 90. Katikati panabaki hewa iliyotulia. Viota viwe chini kuliko fito, la sivyo watahamia humo kulala na utaokota mayai yaliyopakwa kinyesi.

Mwisho, ziba. Ndiyo, ziba, ila ziba chini: viungo vya mbao vilivyoachana, mwanya wa mlango mdogo, sakafu ya vipande. Kila ufa ulio chini ya mgongo wa kuku ni adui. Magunia hayatupwi, yanahama tu. Kuku mkubwa hutoa joto la takriban wati 10, watano ni wati 50, na joto hilo halikatiki umeme wa mtaa ukikatika. Linapanda, linaichukua hewa yenye unyevu na kuitoa kwenye ukanda wa juu usiku kucha, bila mashine.

«Kama hewa ni nzuri, toboa kila mahali.»

Huyu ni mtu mwingine, aliyeongoka kupita kiasi. Nimeona vibanda vya wavu pande nne, vinavyofaa mwambao wa Mombasa au Tanga ambako usiku hauna baridi, vimesimama juu ya kilima kilicho uchi. Kwa Kikula nisingevisifu. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua kati ya kibanda kilichotobolewa ovyo na sanduku lililozibwa vizuri, nitachukua kile cha ovyo, kwa sababu makosa yake unayarekebisha kwa gunia moja upande wa kusini.

«Kiangazi cha baridi kikiisha, shida imeisha.»

Imebadilika tu. Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, ndiyo miezi yetu ya joto, na alasiri hupita nyuzi 30. Kuku hana jasho. Anapoza mwili kwa kuhema, mdomo wazi, mabawa yameachana na mbavu, na kuhema huko kunahitaji hewa kavu inayotembea. Kibanda kidogo chenye bati lililochomwa na jua kinakuwa na joto kuliko nje, na kuku wa mayai aliyejifungia kiotani humo ndani saa nane mchana anaweza kufa bila ugonjwa wowote. Ule ukanda wa juu unasaidia, ila pekee hautoshi. Weka nyasi juu ya bati, au tandika mkeka wa matete chini yake ukiacha nafasi ya kiganja ili hewa ipite kati ya mkeka na bati. Kama kuna mwembe uani, kibanda kikae kwenye kivuli chake cha alasiri. Njia nyingine ni kupaka paa chokaa. Likasi ina bahati hiyo: mawe ya chokaa ya Kakontwe yako mlangoni. Bati jeupe linalirudisha jua angani. Mvua itaiosha, utapaka tena Septemba ijayo.

«Harufu ikizidi, mwaga chokaa au majivu.»

Hapana! Chokaa iende paani. Kwenye matandazo mabichi inafanya kinyume cha unachotaka. Amonia hubaki imefungwa ndani ya kinyesi pale ambapo kina uchachu kidogo, na chokaa na majivu ya kuni ni maadui wa uchachu. Ukizimwaga juu ya matandazo yaliyolowa unaifungulia amonia mlango, inatoka kwa wingi na kwa haraka. Siku mbili tatu baadaye harufu hupungua kidogo, kwa sababu imeshatoka yote na kuku wameshaivuta. Mashamba makubwa ya ng'ambo hutia kwenye matandazo vitu vyenye uchachu, na nawajua watu wa mji huu, mji wa kiwanda cha Shituru na asidi yake, jinsi watakavyotafsiri sentensi hiyo. Tafadhali, usijaribu. Asidi ya kuyeyushia shaba haihusiani na kuku.

Dawa ya harufu ni ukavu. Maranda makavu ya seremala yatandikwe kwa kina cha vidole vinne au zaidi, yageuzwe kwa reki kila baada ya siku chache. Chini ya fito weka ubao au bati lililolala, unalolikwangua kila asubuhi, na hapo umeondoa nusu ya tatizo kabla halijaanza kunuka. Chombo cha maji kikae nje au juu ya tofali, kwa kuwa maji yanayomwagika hulowesha kuliko mvua. Yakiota ukungu, maranda yatolewe yote, kwani vumbi la ukungu huota ndani ya mapafu ya kifaranga na hakuna dawa ya kulitoa.

«Vifaranga lazima wazibiwe, tena wawekewe mbabula.»

Nusu ya kwanza ina haki yake. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumlinda, anahitaji nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha kama nyuzi tatu pungufu kila wiki mpaka aote manyoya. Wengi wa wanaouzwa kwetu wamevuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, na kutoka hapo mpaka Likasi kuna kilomita 200 na kidogo za barabara. Wanafika wamechoka, wana kiu, na usiku wa kwanza ndio unaoamua.

Lakini mbabula, yaani jiko la makala, ndani ya chumba kilichofungwa ni jambo la hatari, kwa vifaranga na kwa anayewalinda. Makala yanayoungua huzaa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Watu husema, «Tunawasha nje mpaka moshi uishe.» Moshi ukiisha gesi haijaisha. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanaitoa. Asubuhi unakuta vifaranga wamekufa wamejipanga, hawana jeraha, na watu wanasema ni uchawi au ni ugonjwa wa Newcastle.

Pasha joto vifaranga, usipashe chumba. Wafugaji wa Kenya wana boksi la kulelea lisilo na moto: sanduku dogo, pembeni limejazwa nyasi kavu, juu kifuniko cha kitambaa kinachogusa migongo ya vifaranga karibu kabisa, na matundu machache ya hewa. Joto la miili yao wenyewe linafanya kazi. Siku za kwanza, weka katikati kidumu cha maji ya moto kilichofungwa kitambaa, ukibadilishe kabla ya kulala na tena usiku wa manane. Boksi hilo likae ndani ya chumba chenye tundu la juu lililo wazi. Vifaranga wenyewe watakusomea hali: wakirundikana kwa kelele wana baridi, wakikimbilia kingo na kuachama wana joto, wakitawanyika na kunyamaza wako sawa.

«Tundu ni mlango wa mwizi.»

Mwizi wa Kikula hahitaji ukanda wa sentimita 10. Anafungua mlango, au anabeba kibanda chote, maana cha tayari ni chepesi. Weka kufuli ya kweli na uifunge miguu ya kibanda kwenye nguzo iliyochimbiwa. Panya ni hoja yenye uzito zaidi. Wavu mwembamba wa kuku wenye matundu makubwa unamzuia kuku asitoke, haumzuii panya asiingie. Nunua wavu mzito wa matundu ya mraba yasiyozidi milimita 13, uupigilie kwa ndani na kuukandamiza kwa ubao, si kwa misumari iliyokunjwa. Na inua kibanda kizima kwa sentimita 40 juu ya nguzo za matofali. Yale ya udongo wa kichuguu yanayochomwa kila mahali Katanga yanatosha kabisa.

«Newcastle inaletwa na upepo, ndiyo maana tunafunga.»

Hapa naelewa kabisa chanzo cha imani. Ugonjwa huu hupenda kulipuka wakati wa kiangazi na majira yanapogeuka, upepo nao uko palepale, kwa hiyo watu wakaunganisha. Lakini katika mitaa yetu Newcastle hutembea kwa miguu zaidi. Huja na kuku aliyenunuliwa sokoni akachanganywa siku hiyohiyo, huja na viatu, na tenga la kuazima, na manyoya yaliyotupwa nyuma ya jikoni baada ya kumchinja kuku aliyekuwa mgonjwa. Virusi hupita pia kwa hewa ya karibu, kati ya kuku na kuku. Kuwarundika katika sanduku lisilo na hewa kunaurahisisha ugonjwa badala ya kuuzuia.

Nisije nikadaiwa nimeahidi kupita kiasi: hakuna tundu wala ukanda unaozuia Newcastle. Chanjo inazuia. Iko ile inayoitwa I-2, ambayo Tanzania imekuwa ikiitengeneza, inayovumilia joto kuliko zile za kawaida, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu au minne. Muulize daktari wa mifugo wa kwenu ni chanjo ipi anayo na imekaa wapi kabla ya kukufikia. Na kuku mgeni akae peke yake wiki mbili.

«Hewa yenyewe ya Likasi ina moshi na vumbi la madini.»

Hili silicheki. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini. Kuku wa uani, anayeparua udongo kutwa na kumeza chochote, hawezi kuwa salama kuliko watu. Ila angalia njia anayopitia: ni udongo na maji, mchana kweupe, nje ya kibanda. Kumzibia hewa usiku hakuondoi punje moja kati ya zile alizomeza saa nne asubuhi. Mpe chakula katika chombo badala ya kukitawanya chini, funika maji yake, usimwache aparue kando ya barabara ya malori, na ua alilonalo liwekewe maranda au nyasi juu ya udongo. Ndani ya kibanda, vumbi kubwa ni la kinyesi chake mwenyewe kilichokauka, na hilo linatoka kwa ule ukanda wa juu.

Kesho alfajiri, kabla hujawafungulia, piga magoti mlangoni pa kibanda, fungua nafasi ya kuingiza kichwa, ukishushe mpaka kimo cha fito na uvute pumzi mara tatu. Pitisha pia kiganja chini ya bati. Macho yakiwasha au kiganja kikitoka na maji, geuza kibanda kielekee kaskazini na utafute msumeno. Kukata, kupigilia wavu na kushusha fito ni kazi ya nusu siku. Ifanye asubuhi, ili jioni wakirudi kulala wakute imekwisha.